Kaka Hakusikia "Panda"

Nilikuwa golikipa wa timu yetu ya Karatu, na kaka yangu alikuwa beki wa kulia. Homa ya utotoni ilimwachia sikio moja tu, nalo lilisikia kwa shida. Uwanjani hilo halikutusumbua, kwa kuwa kocha wa zamani alimpa kazi moja: winga wao ni wako, akienda nenda naye. Mawinga walimwogopa.

Kisha akaja kocha mpya kutoka Arusha. Yeye alitaka mabeki wasimame kwenye mstari mmoja, kila mtu alinde eneo lake, na nikiita "Panda!" wapande pamoja ili washambuliaji waotee.

Mechi ya kwanza tulicheza na timu ya Loliondo, upepo ukitupiga vumbi usoni. Niliita. Wenzake wakapanda, kaka akabaki nyuma amemganda winga wake, kwa hiyo mshambuliaji wao wa kati hakuwa ameotea. Akafunga. Niliita tena mpaka sauti ikakauka, na bao la pili likaingia vilevile.

Wakati wa mapumziko kocha alinivuta kando. "Kaka yako ni beki mzuri, ila mfumo huu haumfai. Nifanyeje?"

Niligeuka kumwangalia kaka. Alikuwa akitutazama midomo.

"Anasemaje?" aliniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani.

"Anasema upumzike."

"Nimekosea wapi? Winga wangu hata mpira hajaugusa."

Ilikuwa kweli. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaenda kukaa. Kipindi cha pili niliita "Panda!" na mstari mzima ukapanda.