Muratina Haina Ratiba

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya leseni za biashara katika mji wa Siakago. Mbele yangu alisimama kijana Mbelgiji aliyehamia huku juzi juzi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Naomba kuanzisha ziara," alimwambia madam wa kaunta. "Nitawatembeza watalii nyumba hadi nyumba, waonje muratina."

Madam aliweka kalamu chini. "Hiyo pombe ya asali haipikwi ikingoja wateja. Inapikwa kukiwa na jambo."

"Jambo gani?"

"Mahari. Ama mzee anabariki watoto." Akafumba macho, akavuta pumzi. "Kwa babu yangu ilikuwa inakaa kando ya moto, ndani ya kibuyu. Ukiingia tu, nyumba yote ni asali."

Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Na nyuki wanazunguka mlango." Hakuna aliyekumbuka leseni. Hata mimi, mzaliwa wa Nairobi, niliitamani harufu ambayo sijawahi kuinusa.

Kijana akauliza kwa sauti ya chini, "Basi haiwezekani?"

"Ziara, hapana. Lakini Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya dada yangu mdogo, kwetu Gachoka. Kuja."

"Nije na watalii wangapi?"

"Kuja na sukari, kama mgeni yeyote."

Nikasogea kaunta, nikauliza kama na mimi naweza kuja. Madam aliniangalia kutoka kichwa hadi viatu. "Wewe ulitaka leseni gani?"

Tangu siku hiyo natembea na paketi ya sukari mkobani. Huwezi kujua nani ana dada.