Mashati ya Bwana Kutu

Mume wangu hana shati jeupe hata moja. Tulipooana alikuwa nayo mawili, akayavaa kazini wiki ileile, yakarudi na madoa ya rangi ya kutu kuanzia kwenye vifungo mpaka mikononi. Nilimnunia siku mbili. Ndipo nikajua kwa nini wenzake wanamwita Bwana Kutu, na kwa nini anaitika bila kinyongo.

Kazi yake ni kutoa sumu kwenye maji. Maji ya visima vya kwetu ni maangavu, baridi, matamu, na yana aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba huko chini. Haina rangi wala harufu, na ukiyachemsha maji unaipasha moto tu, haiendi popote. Kinachoiweza ni chuma. Kwenye mtambo wao wanatia dawa ya chuma, maji yanageuka ya kahawia, halafu yanaanza kufanya machicha laini. Sumu inanasa kwenye machicha, machicha yanazama, yanayobaki yanachujwa kwa mchanga. Kila asubuhi Bwana Kutu hupanga glasi sita za maji ya kisima, huzitia dawa kila moja kwa kipimo chake, huzikoroga haraka, kisha polepole, kisha hukaa kitako nusu saa anazitazama ili ajue kipimo cha siku hiyo. Niliwahi kumlalamikia kwamba mimi hajawahi kunitazama hivyo.

"Wewe hutulii," alinijibu.

Tunaishi kwa mama yake, fundi cherehani aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka kuta tatu. Nyuma ya jiko kuna kisima alichochimba marehemu mumewe kwa mikono yake. Mwaka juzi viganja vya mama vilianza kuota vinundu vidogo vigumu, kama punje za mchele chini ya ngozi. Daktari aliviangalia, akauliza anakunywa maji gani, akamwambia aachane na kisima leoleo, maana akiendelea inaweza kuwa saratani. Bomba la mtambo halijafika mtaa wetu, kwa hiyo tangu siku hiyo mume wangu akawa anabeba dumu la maji safi kila jioni na kulishusha mlangoni mwa jiko. Mama anamshukuru, anamwombea dua, na sisi tukatulia roho.

Mwezi uliopita nilirudi mapema kazini nikamkuta mama anapiga deki kwa maji ya dumu. Jagi la kunywea lilikuwa limejaa maji ya kisima.

"Mama! Hayo si ndiyo maji ya kunywa?"

"Ya kunywa?" Akalichomoa shati la mwanawe kwenye beseni, akanitandazia usoni. "Haya mashati nayafua mimi. Nayasugua kwa limau mpaka vidole vinawaka. Maji yanayofanya nguo hivi, tumboni yatafanya nini? Ya mume wangu sijawahi kuyaona yakichafua kitu."

Nilimweleza Bwana Kutu, nikamwambia akakifukie kisima kesho yake. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, macho yamemwiva.

"Siwezi kumfukia mama kisima cha baba," alisema. "Akiacha, aache mwenyewe."

Jumapili alikuja na kichupa cha dawa, akachukua glasi zetu sita za wageni bila kuniomba ruhusa, akamwita mama mezani. Alichota maji ya kisima mbele ya macho yake. Akatia, akakoroga, akakaa kitako. Mama naye akavuta kiti. Maji yakawa ya kahawia, machicha yakajikusanya, yakaanza kushuka taratibu, na juu yakabaki maji maangavu. Baada ya nusu saa kulikuwa na tabaka la tope chini ya kila glasi.

Mama akajishika kifua. "Yaani uchafu wote huu ulikuwa kisimani? Ndio nimekuwa nikiunywa?"

Sema ndiyo, nilimwomba kimoyomoyo. Neno moja tu na mama yako amepona. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Hapana, mama," alisema. "Hiyo rangi si ya kisima. Ni chuma changu mimi. Sumu imejishika humo humo, lakini haionekani. Hata mimi sijawahi kuiona."

Nilitamani kummwagia zile glasi zote kichwani.

Mama akavitazama viganja vyake. "Kwa hiyo huwezi kunionyesha."

"Siwezi, mama."

"Na ungeweza kunidanganya sasa hivi, nikakuamini."

"Ningeweza."

"Mkeo alitaka unidanganye. Nimemwona anavyokukanyaga." Nikainamisha kichwa, aibu imenijaa. "Huyu mumeo," akanigeukia, "akiwa mdogo alikata kitambaa cha mteja wangu. Hakuna aliyemwona. Akanifuata mpaka sokoni kuniambia. Nilimchapa huku nalia." Kisha akamwambia mwanawe, "Leta dumu."

Mume wangu alimimina. Mama akanywa kikombe kizima, akakiweka mezani.

"Hayana ladha," alisema. "Ya baba yako yalikuwa matamu." Akalia, nasi tukamwacha alie, maana alikuwa anamuaga mtu.

Kesho yake nilipotoka uani, kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao. Kamba yake mama alikuwa ameifungua kwenye ndoo, akaifunga kutoka nguzo ya jiko hadi ukutani, na mashati manne ya Bwana Kutu yalikuwa yananing'inia juani, madoa yake yote yapo palepale.

"Mama, leo hukuyasugua?"

"Niyasugue ya nini?" alisema, akibana kibanio cha mwisho. "Wapitao wayaone, wajue mwanangu anafanya kazi gani."