Fundi wa miavuli wa Malinya aliyeziba midomo ya tiara

Kiti kipo barazani, lakini Edah Shikanga hakikalii. Ni Jumamosi, saa sita imepita, na fundi huyu wa Malinya, kusini mwa mji wa Kakamega, anaizunguka meza yake akiwa na wembe mkononi. Anakata uzi hapa, anauvuta pale, kisha anatoka uani kutazama mawingu upande wa Nandi. Anarudi. Anakata tena.

Kitambaa kilicho mbele yake kina rangi ya machungwa na samawati. Kimejaa mezani, kimefurika sakafuni na kuingia hadi chini ya kitanda cha watoto.

"Upepo wa hapa ni mmoja tu," anasema bila kuinua kichwa. "Ule wa kuleta mvua. Ukikupita huo, ngoja kesho. Na kesho huyu anasafiri."

"Huyu" ni Clifford Wanyama, ndugu yake mdogo. Ameketi kwenye kizingiti cha jiko akifumua kamba nyembamba zilizosokotana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa.

Kitambaa hicho ni tiara, lakini si ya watoto. Ni ya mchezo ambao hata Pwani wengi hawajauona. Mtu husimama juu ya ubao baharini, akashika kamba, nayo tiara ikamvuta juu ya mawimbi. Majirani wa Edah wameamua kuiita parashuti, na hakuna wa kuwabishia.

Kazi ya Edah ni miavuli. Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, na mwavuli ukigeuzwa na upepo huletwa kwake. Yeye hunyoosha vyuma, hubadilisha kitambaa na kushona ncha upya, kwa shilingi ishirini au thelathini kulingana na ubaya wa jeraha. Hushona pia turubai za wachimba dhahabu na mahema ya mikutano ya injili. Siku za soko hubeba cherehani yake hadi Khayega. Siku nyingine hufanyia kazi nyumbani.

"Kitambaa cha kuzuia maji nakijua," anasema. "Vazi la harusi usiniletee, nitakuharibia. Lakini kitu cha kukaa kwa mvua na upepo, hicho lete."

Ndiyo maana Clifford hakumpelekea fundi mwingine yeyote.

Kijana huyo, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, akiwabebea wageni mbao zao hadi ufuoni. Watalii walipopungua baada ya ghasia za mwaka juzi, hoteli ilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliotangulia kutoka. Alibaki akivizia vibarua vya ufuoni, hadi mgeni mmoja alipoburuta tiara yake juu ya miamba ya matumbawe na kuipasua. Mgeni aliitazama, akaitupa mchangani.

"Aliniambia nichukue, ni takataka," Clifford anakumbuka. "Mimi nikaona kazi."

Hakukosea. Mwanamume anayekodisha mbao ufuoni alimwahidi kwamba akirudi na tiara yake mwenyewe, inayoruka, atamweka kuwafundisha wageni. Juma lililopita Clifford alimpigia simu kutoka kibanda cha Khayega. Jibu lilikuwa fupi. Kuna kijana mwingine anayeitaka nafasi hiyo, na anayefika kwanza na tiara nzima kufikia Jumatatu ndiye ataipata.

Hiyo ndiyo sababu ya Edah kutoketi. Lakini kuna nyingine, na hii haihitaji simu.

Nyumbani kwa baba yao ni Lumakanda, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi. Kaka yao mkubwa amelima mahindi hadi mlangoni, na Clifford alipofika huko alionyeshwa mahindi. Akaja kwa dada yake. Huku Malinya, mwanamume mzima kukaa katika boma la mume wa dada yake ni habari ya kisimani.

Mathew, mume wa Edah, anafanya kazi katika kiwanda cha sukari na hurudi mwisho wa juma. Yeye halalamiki. Mama yake naye ana adabu, hajawahi kumfukuza mtu. Kila akipita na jembe huuliza tu, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, "Mgeni bado anapumzika?"

"Nilimlea huyu tangu mama alipotuacha," Edah anasema, na Clifford anasikia kila neno. "Kumfukuza siwezi. Kumweka siwezi. Na akikaa sana atazoea. Mtu akizoea kukaa huoza, kama mwavuli uliokunjwa na maji ndani."

"Dada, mimi niko hapa," Clifford anasema.

"Najua uko hapa. Ndiyo shida yenyewe."

Tiara ilipoingia mikononi mwake, Edah aliilamba kwanza. Aliikuta na chumvi, akaisuuza katika karai mara kadhaa na kuianika juu ya ua wa miti. Watoto wa jirani walisimama njiani wakidhani kuna harusi. Kisha akaukabili mpasuko wenyewe, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Alizibabua kingo zake kwa mwali wa mshumaa ili nyuzi zisitoke, akakata kiraka cha nailoni ya mwavuli na kukishona kwa mistari miwili. Kiraka hicho hakina kasoro. Kila aliyekitazama amekivuta, na hakijasogea.

Tatizo ni alichofanya baadaye.

Tiara hii imeshonwa vyumba vyumba, kama godoro. Kwenye ukingo wake wa mbele, kila chumba kina mdomo ulio wazi. Edah alipoufikia ukingo huo alihesabu midomo, akatikisa kichwa, akasema mgeni yule hakuwa na mpasuko mmoja bali mshono mzima uliofumuka.

Wanaomjua hawashangai. Edah harudishi kitu kikiwa na upenyo. Ukimletea mwavuli kwa sababu ya chuma kimoja, utaupata umeshonwa hata pale ambapo hukuwa umeona. Siku nzima ya Jumatano alikaza pedali ya cherehani na kuiziba midomo yote, kwa mshono wa kwenda na kurudi, ule anaowawekea wachimba dhahabu.

"Nilijivunia," anasema. "Nilimwambia Mathew kwa simu, nimemfanyia mtoto kazi ya bure zaidi ya aliyoomba."

Clifford hakuiona. Alikuwa amekwenda mjini Kakamega kuulizia basi, na aliporudi aliikuta imekunjwa vizuri kama shuka.

Alhamisi alasiri waliipeleka kwenye uwanja wa kupigania mafahali, mahali pekee penye nafasi bila miti. Upepo wa mvua ulikuja kama ilivyo kawaida yake. Clifford alivuta kamba. Tiara ilijiburuta majanini, ikajikunja, ikalala. Akavuta tena. Ikalala tena. Vijana waliokuja kuona parashuti walianza kuiita blanketi.

"Walisema, mama Ashley, funika huyo kijana alale," Edah anasimulia. Ashley ni bintiye wa kwanza. "Nikawaambia nyinyi ngojeni, mtaniletea tu miavuli."

Clifford alipopiga magoti kutafuta midomo ya vyumba, hakuiona. Alipitisha kidole kwenye mshono kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akauliza polepole, "Dada, hapa palikuwa wazi. Umefanya nini?"

"Nimeziba. Palikuwa pamefumuka."

"Upepo huingilia hapo, dada. Hiyo ndiyo pua yake. Umeiziba pua."

Usiku ule Clifford alikataa obusuma, ugali wa dada yake, jambo ambalo mama mkwe aliliona na kulitaja asubuhi.

Ijumaa Edah alianza kufumua. Hapo ndipo shida ya pili ilipojitokeza. Mshono wa cherehani ukishatoka katika nailoni nyepesi, matundu ya sindano hayafungi. Ukingo wote wa mbele wa tiara ukabaki na safu ya vitundu, kama karatasi ya stempu. Clifford alisema ukweli wake: upepo wa bahari ukiivuta, itachanika papo hapo, safi kama stempu, labda akiwa mbali na ufuo.

"Aliposema hivyo nilitoka nje," Edah anasema. "Nilikwenda hadi mtoni nikarudi. Sikuchota hata maji."

Aliporudi alishusha kutoka darini mwavuli mkubwa mweusi wa Mathew, zawadi ya kiwanda, ambao mwenyewe huubeba kanisani pekee. Akaukata. Kutoka kwenye kitambaa chake alipata vipande virefu vya upana wa vidole viwili, akavikunja juu ya kila mdomo, mmoja baada ya mwingine, ili safu ya matundu ikae ndani ya kitambaa kipya. Wakati huu mshono ulipita nje ya matundu, kwenye nailoni nzima, na mdomo ukabaki wazi. Kabla ya kukaza kila mmoja alimwita Clifford auingize mkono.

Mathew alifika Jumamosi asubuhi, akatafuta mwavuli wake, akaona mbavu zake tupu zimeegemea ukuta.

"Alisema nini?" tunamuuliza Edah.

"Aliuliza kama kijana anaenda kweli. Nikasema anaenda. Akasema basi ni sawa, mvua ni maji."

Sasa ni saa nane na mdomo wa mwisho umekamilika. Edah anaukata uzi kwa meno. Upande wa Nandi kumekuwa kweusi, na majani ya migomba yameanza kugeuza migongo.

"Twende," anasema. Clifford bado anakunja kamba. Edah amekwisha kufika barabarani.

Uwanjani wanamkuta Mzee Patroba akimtembeza fahali wake, ambaye ana pambano asubuhi. Fahali wa kupigana hulishwa mbali na macho ya watu na hutembezwa peke yake, asije akazoea kuwaogopa wengine. Patroba anaitazama tiara ikitandazwa na kusimama katikati ya njia.

"Mama Ashley, hiyo kitu haitapanda hapa."

"Itapanda, mzee. Safari hii itapanda."

"Ndiyo maana nakwambia. Ya juzi ililala, haikunisumbua. Hii ikipanda, ng'ombe wangu ataona kitu kikubwa kumshinda, kiko juu yake. Kesho akiingia uwanjani, moyo hana. Watu wa Shinyalu watanicheka hadi Krismasi."

"Mzee, upepo hauningojei."

"Na ng'ombe je, anakungojea?"

Edah anaangalia mawingu. Anamwangalia fahali, ambaye anakula majani bila wasiwasi. Kisha anamwambia Patroba kwamba turubai yake, ile iliyochanika kwenye mashimo ya dhahabu, ataishona Jumatatu, na haitavuja tena. Patroba anamgeuza fahali wake.

"Ngoja nimpeleke nyuma ya nyumba," anasema. "Nikipiga mluzi, rusheni."

Wanangoja. Edah anatembea kutoka goli moja la vijana wa mpira hadi lingine na kurudi. Upepo unapita kichwani mwake na kuinua kitambaa. Mara mbili Clifford anataka kuvuta na mara mbili dada yake anamzuia, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Matone ya kwanza yanaanguka.

Mluzi unasikika.

Clifford anarudi nyuma hatua chache na kuvuta. Tiara inatetemeka. Kisha midomo yake inafunguka, mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto kwenda kulia, ikimeza upepo hadi kitambaa chote kinatuna. Inapanda juu ya goli, juu ya mikaratusi, ya machungwa na samawati, na pindo zake nyeusi za mwavuli wa kanisani. Clifford anaburutwa majanini kwa magoti. Anacheka, na ni mara ya kwanza tangu tufike kumsikia akicheka.

Edah hacheki. Anakimbia chini ya tiara, shingo imepinda, akiutazama ukingo. "Lete chini," anaita. "Lete chini niuone."

Mvua inapomwagika wanaikusanya na kukimbilia kibanda cha kinyozi. Edah anaukagua ukingo wote kwa vidole, mdomo kwa mdomo. Hakuna uliochanika. Hata hivyo anasema wa tatu kutoka mwisho atauongezea mshono leo, kabla ya kulala.

"Umekaza, dada," Clifford anamwambia. "Uache. Usije ukaniziba tena."

"Ningekuziba mdomo wewe, siyo tiara."

Kesho asubuhi atampeleka hadi Kakamega kupanda basi. Kama atafika kabla ya yule kijana mwingine, hakuna anayejua. Kama tiara iliyorukia Malinya itastahimili bahari, Clifford anasema itastahimili, na Edah anasema ataamini akisikia. Bahari yenyewe hajawahi kuiona.

Ana mpango, lakini. Wageni wakirudi Pwani, anasema, tiara zitaongezeka, na matumbawe hayataisha. Amekwisha kupima upana wa vyumba vya hii na kukata mfano wake kwenye gunia la mbolea. Gunia hilo limetundikwa ukutani, pale ulipokuwa mwavuli wa Mathew. Clifford amwekee zilizopasuka kwenye basi, yeye atazipokea stendi, na midomo yake anaijua sasa.

Mvua inapungua. Mama mkwe anapita njiani na jembe, anasimama, anaitazama tiara iliyolowa mikononi mwa Clifford. Safari hii haulizi kitu. Anasema tu, "Imepanda, niliiona," na kuendelea.

Edah amekwisha kusimama.

"Siku basi la Mombasa likiingia," anasema, akijifunga leso kiunoni, "mimi naomba kitu kimoja. Lilete tiara zilizopasuka, hata kumi. Lisimlete Clifford."