Penseli ya Bi Delphine Thibodeau

Penseli haikumtoka Bi Delphine Thibodeau nyweleni. Ilikuwa penseli ya seremala, bapa, nyekundu, iliyochongwa kwa kisu. Aliichomeka juu ya sikio akienda dukani, akienda misa, hata siku aliyolazwa hospitali kwa ajili ya nyonga, muuguzi alipomwomba aitoe. "Kwani inakuuma wewe?" alimwuliza. Hakuna mtu wa Skerry aliyewahi kumwona akiandika nayo. Watu wakaamua kuwa ndiyo mambo ya watu wa kuja.

Mtu wa kuja alikuwa kweli. Alifika Skerry, pwani ya Maine, mwaka 1947, bibi harusi wa miaka ishirini, kutoka bonde la kaskazini mpakani ambako watu husali kwa Kifaransa. Miaka hamsini na mmoja baadaye majirani bado walimwuliza kama ameanza kuizoea baridi ya huku. Baridi ya kwao ilikuwa mara mbili ya hiyo, lakini aliwajibu kwa adabu kwamba anajitahidi.

Nyumba aliyoishi miaka yote hiyo nayo haikuitwa yake. Ilikuwa Nyumba ya Wadleigh, kwa heshima ya Jaji Orrin Wadleigh wa Boston, aliyeijenga mwaka 1908 apate pa kupunga upepo wakati wa kiangazi. Jaji hakujibana: paa lililokunjwa katikati kama goti, mnara mnene pembeni usio na kazi yoyote, baraza pande tatu, na kuta zilizovikwa vigae vya mbao ya mwerezi kutoka msingi hadi juu, kama samaki na magamba yake. Kisha akalala humo siku kumi na tisa. Mbu walimshinda. Mjane wake aliiuza kwa daktari wa meno, ambaye aling'oa ngazi nzuri ya mwaloni, akaweka mbaya, akahama. Nyumba ikakaa tupu, mvua ikiingia na popo wakitoka, mpaka mume wa Delphine, Armand Thibodeau, fundi wa injini za mashua, alipoichukua kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Haya yote Maribeth Alley aliyajua. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, shahada ya historia, na kazi ya nusu siku ya kutunza kumbukumbu za Chama cha Historia cha Skerry. Nyumba ilipokaribia kutimiza miaka tisini, Chama kilimtuma aandike kijitabu chake. Mwenyekiti, Bi Althea Pinkham, alikwisha kumwandalia rasimu. Jaji alikuwa na kurasa sita. Miaka hamsini na mmoja ya kina Thibodeau ilikuwa na sentensi moja: "Baadaye nyumba ilipitia mikono mbalimbali."

"Mikono mbalimbali," Bi Delphine alirudia jikoni kwake, akiipua chapati za ngano nyeusi. Akainyoosha mikono yake mbele ya Maribeth, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. "Ni hii miwili tu, mwanangu. Hesabu."

Maribeth aliikunja ile rasimu.

"Sikulaumu wewe. Nyonga imenishinda, nyumba nimeshaiuza, Jumapili mpwa wangu ananifuata kunirudisha kaskazini. Nataka kitu kimoja tu. Kwenye kile kibao cha kumbukumbu mtakachopigilia mlangoni Jumamosi, chini ya jaji, muandike Thibodeau. Herufi ndogo zitanitosha."

Maribeth aliupeleka ujumbe siku hiyohiyo.

"Kibao ni cha aliyejenga," alisema Bi Althea. "Tukianza kuandika kila aliyefagia humo, si tutahitaji ukuta wa pili?"

"Ameitunza miaka hamsini, Bi Althea."

"Nasi tunamshukuru. Keki atapewa."

Jumamosi, kwenye sherehe ya miaka tisini ya nyumba, watu arobaini walisimama kwenye majani na vikombe vya kahawa. Palikuwa na keki ya bluberi na hotuba ambayo ilikwenda mpaka kahawa ikapoa. Kibao kilikuwa kimeshapigiliwa, cheupe, herufi nyeusi: NYUMBA YA WADLEIGH, 1908. Bi Delphine aliketi barazani kwenye kiti alichokaribishwa, penseli sikioni, kama mgeni wa heshima katika nyumba yake mwenyewe.

"Na sasa," alisema Bi Althea, "tutatoa ukutani kigae kimoja, kimoja tu, kilichowekwa na mafundi wa Jaji, tukihifadhi kwenye kabati la kioo. Dwight!"

Dwight, mpwa wa mwenyekiti, alijitokeza na mtarimbo mdogo.

"Bi Thibodeau, hutajali?"

"Chagueni mkipendacho," alisema Bi Delphine. "Mimi ni mikono tu."

Dwight alichagua kimoja karibu na mlango, cha kijivu kilichochakaa vizuri. Kikatoka kizima. Bi Althea akakiinua juu kama padri, na watu wa mbele wakaona maandishi ya penseli mgongoni.

"Soma basi!" mtu akapiga kelele. "Ni saini ya fundi!"

Dwight akasoma. "'D. Thibodeau. Mei 1967. Mvua tena.'"

Mtu alikohoa. Bi Althea akaonyesha kingine, juu zaidi.

"'D. Thibodeau, 1974. Armand kaanguka ngazini. Kiburi tu kimevunjika.'"

Hapo watu wakacheka waziwazi.

"Ukuta wa kaskazini, basi!" alisema Bi Althea.

"Huo nimeubadilisha mara mbili," alisema Bi Delphine. "Upepo wa huko hauna adabu."

"Mnarani?"

Bi Delphine aliushika mkongojo wake ainuke. Dwight alikwisha kufika mnarani na kung'oa kingine. "'Septemba 1958. D.T. Mtoto...'" Akakishusha kigae. Maribeth akakichukua mkononi mwake na kumalizia kimoyomoyo: *Mtoto hakukaa. Nimemaliza upande wa bahari.* Kicheko kikafa chenyewe.

"Kwa hiyo cha Jaji kiko wapi?" Maribeth aliuliza.

"Sijui. Labda jikoni nyuma ya jiko. Vilivyobaki vilioza kabla ya mwaka 1950."

"Basi kwa kanuni yetu, Bi Althea, aliyejenga ukuta huu..."

"Kibao kimeshapakwa rangi," alisema Bi Althea, na kuuliza nani hajapata keki.

Jioni, wenzake walipoondoka, Maribeth alirudisha vigae. Cha mwaka 1958 alikiweka kwanza, maandishi ndani, kama kilivyokuwa. Cha mwaka 1974 vilevile. Kile cha kwanza alikishika muda mrefu, kisha akakipigilia chini kidogo ya kibao, mgongo ukiwa nje, D. Thibodeau akitazama barabara.

Asubuhi gari la mpwa kutoka kaskazini lilikuja. Bi Delphine, ambaye Februari iliyofuata angezikwa kwao kaskazini, alisimama getini na mkongojo wake akakitazama kigae kile mpaka mpwa akapiga honi. Kisha akaitoa penseli sikioni, akampa Maribeth, akaingia garini na kuteremsha kioo.

"Umekipigilia kinyume, mwanangu. Kigeuze kabla ya mvua. Na ukiandika jina lako mgongoni mwake, andika wazi, wasije wakakuita mikono mbalimbali."