Mpira wa Kupumulia

Fundi wa magari ya zamani hana haja ya kulisikia gari likienda, hulisikiliza limesimama. Hufungua boneti, huiacha injini ingurume yenyewe bila kukanyagwa mafuta, kisha huinamisha kichwa kama anayetegea sikio maneno ya chumba cha pili. Ikitetemeka, vidole vyake, vyeusi hadi kwenye mistari ya viganja, hukimbilia mpira mwembamba unaotoa moshi tumboni mwa injini na kuurudisha ukaungue. Akiubana, mtetemeko hukoma. Wateja hufurahi: "Basi ziba hapohapo, fundi, yaishe." Naye hujibu lilelile, kwa sauti ya chini: "Lazima ipumue. Ukiiziba itatulia leo, kesho itakutapikia oili."

Shemeji yake ameyasikia hayo mpaka ameyakariri. Tangu dada yake, mke wa fundi, azikwe, yeye ndiye humletea fundi chakula cha mchana gereji, akakaa juu ya tairi kuukuu kuhakikisha kimeliwa. Leo uzalendo ulimshinda. "Shemeji, msibani hukutoa chozi. Nyumbani hata jina lake hulitaji. Mpaka lini?"

Fundi hakugeuka kutoka kwenye injini iliyokuwa ikitetemeka mbele yake. Aliubana ule mpira, injini ikatulia tuli.

"Umesikia?" alisema. "Imekaa sawa."

Shemeji alingoja auachie. Oili ilichungulia kwenye mfuniko, ikafanya tone, ikateremka taratibu ubavuni mwa injini. Fundi aliitazama ikishuka, na vidole vyake vikazidi kubana.