Mgeuza Vipimo

Katika karakana ile ya mabamba ya shaba ya kupitishia umeme, kila mtu alikuwa na kazi inayoonekana. Wapo waliokata, waliotoboa, waliopinda, na aliyefagia vumbi jekundu jioni. Profesa peke yake ndiye aliyefanya kazi isiyoonekana, na kwa sababu hiyo aliheshimiwa kuliko wote.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa vipimo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Bamba likiungwa na bamba, pale kwenye kiungo umeme hukuta ukinzani kidogo sana, na ukinzani huo ukizidi kiasi, kiungo hupata moto. Michoro ya karakana, iliyoachwa na waasisi, ilitaja kiasi hicho kwa kipimo cha zamani kiitwacho ab-omu. Wateja wa sasa walitaka nano-omu. Wa kuivusha namba kutoka ng'ambo hii hadi ile alikuwa Profesa.

Shida ni kwamba hapakuwa na mto. Ab-omu ni sehemu moja ya bilioni ya omu, kipimo cha kawaida cha ukinzani. Nano-omu nayo ni sehemu moja ya bilioni ya omu. Mia tatu ikiingia, mia tatu hutoka.

Hakuanza kwa hila. Alipokuwa mgeni kazini, meneja wa wakati huo alimpa mchoro augeuze; akafungua kitabu cha vipimo, akaona namba ni ileile, akarudi kabla chai ya meneja haijapoa. Meneja akamkaripia kwamba hesabu za umeme si za kukurupukia, akakae azipige upya. Akaenda, akakaa, akatazama dirisha mpaka baada ya chakula cha mchana, akarudi na namba ileile. Meneja akampa mkono. Hapo akajua kwamba watu hulipima jibu kwa jasho lake. Kitabu kile yeyote angeweza kukifungua. Lakini nani ajisumbue na kitabu wakati mwenye elimu yupo hai?

Sasa alitaka kustaafu. Mkewe alikuwa ametangulia kwenye nyumba yao mpya, amekwisha kupanda mboga, na kila alipopiga simu alimwuliza kama ameoa karakana. Lakini meneja wa sasa, mtu mwema, mwoga wa umeme na mwoga zaidi wa desimali, hakutaka kusikia. Profesa akiondoka, nani atageuza vipimo?

Mwishowe Profesa akaamua kusema kweli. Alisimama mbele ya meza ya meneja, akavua miwani.

"Bosi, zile namba ni zilezile. Sigeuzi kitu."

Meneja alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa. Akasema anajua wazee wengine hupenda kwenda na ujuzi wao kaburini, ila karakana haikumkosea Profesa kiasi hicho.

"Usitunyime, mzee wangu. Fundisha mtu, kisha nenda zako kwa amani."

Akaletewa binti aliyemaliza chuo karibuni, mpole, anayeongea kama anaomba radhi. Profesa akafunga mlango, akamwekea mchoro na kitabu. Binti akasoma, akainua macho, akayarudisha kwenye kitabu, kisha akauliza kama kuna ukurasa mwingine.

"Hakuna, binti yangu."

"Basi, Mzee... si ni namba ileile?"

"Ileile."

Binti hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema kwamba meneja akiambiwa kweli tena ataona sasa wanaoficha ni wawili. Afadhali yeye akaseme ameelewa, basi. Huo si uongo. Profesa akamshukuru, moyoni akistaajabia watoto wa siku hizi, wanaozaliwa wameshazeeka.

Wakaenda pamoja. Binti akasema ameelewa. Meneja hakuuliza ameelewa nini. Alimpongeza, akavuta karatasi za kustaafu, akatafuta kalamu, huku akichekacheka kwa faraja.

"Kumbe haikuwa kazi kubwa hivyo. Asubuhi moja tu! Na sisi tulivyokuwa tukiogopa miaka yote."

Profesa alikuwa tayari ameshika mfuko wake. Mkewe ameshaambiwa amtegemee jioni. Kilichobaki ni sahihi tu. Lakini maneno yale yalimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akawaza jinsi alivyolitazama lile dirisha ujana wake wote na utu uzima wake wote, akaona si haki kuambiwa lilikuwa jambo dogo. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, taratibu, kwa heshima:

"Ila bosi, kuna sehemu ngumu bado sijamwonyesha."

Kalamu ikasimama. Binti akamgeukia, mdomo wazi, kama mtu aliyemwopoa mwenzake majini halafu akamwona anajitosa tena. Meneja akafunika kalamu, akazirudisha karatasi kwenye droo, akasema alijua tu, moyo wake ulimwambia. Mwaka mmoja zaidi, basi, ili wasifanye papara.

Profesa akatoka mgongo umenyooka, mafundi wakampisha. Alikuwa amefika katikati ya karakana alipokumbuka kwamba hiyo sehemu ngumu itabidi aitafute, na kwamba kabla ya kuitafuta itabidi ampigie mkewe.