Gia Niliyosema Sijaigusa

Mimi ndiye niliyebadilisha gia ile. Kwa miaka mitatu nilisema sijaigusa, tena kwa utulivu wa mtu aliyesoma chuo kikuu, ambao ni utulivu mbaya kwa sababu watu huuamini.

Gia yenyewe ni ndogo, unaweza kuimeza bila maji. Ilikuwa ya gari la rimoti la kaka yangu, pikapu yenye matairi makubwa ya vumbi, aliyoinunua baada ya kufiwa na mkewe. Tunaishi wawili, yeye na mimi dada yake, Mchafukoge, ghorofa ya tatu, katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Kaka hakuwa na rafiki isipokuwa fundi mmoja wa Kariakoo, mtu wa kusini, mdogo kwetu kwa umri. Fundi alikuwa na meza chini ya ngazi za jengo la maduka ya vitambaa, akitengeneza redio, feni na chochote chenye mota. Kaka alimpelekea gari likafungwe waya uliokatika. Akawa anakwenda kila siku, hata gari likiwa zima.

Kwanza waliliendesha kwenye vumbi la bonde la Jangwani. Mvua zilipolijaza bonde maji, wakahamia mtaani kwetu, maana Jumapili asubuhi maduka yamefungwa na lami inabaki tupu. Lakini gari la vumbi likiwa kwenye lami lina ujinga wake: limeinuka, matairi yanang'ang'ania, likikata kona kwa kasi linabiringika. Fundi akalishusha mpaka tumbo likakaribia kugusa chini. Akaweka springi ngumu, akatia oili nzito kwenye shokapu. Matairi alimpa jirani yake, fundi viatu, naye akakata soli za malapa, akazigandisha kwenye ringi kwa gundi na kuzisugua kwa msasa mpaka zikawa duara. Yakatoka madogo kuliko ya mwanzo, bluu na meupe, kama gari linakwenda msalani.

"Kona limepona," fundi alisema sebuleni kwetu, wakinywa chai. "Ila kasi tuongeze kidogo kidogo, braza. Mota si punda."

"Kwani punda hachoki?"

"Anachoka. Ila hatoi moshi."

Kaka akacheka. Nilikuwa jikoni, nikasimama na mwiko mkononi. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu msiba, na kiliniuma kwamba si mimi niliyekileta. Mimi niliyempikia na kumfulia nilikuwa nimeambulia "ahsante".

Nikaamua kuchangia. Jumamosi, kaka alipokwenda kuswali alasiri, nilipima matairi kwa utepe wa kushonea na kupiga hesabu nyuma ya bahasha: tairi likiwa dogo, gari linapoteza kasi, kwa hiyo gia ya mota iwe na meno mengi zaidi kufidia. Nikapekua kopo la vipuri, nikapata gia kubwa, nikafungua, nikafunga. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba fundi alikuwa ameshaifanya wiki moja kabla, bila bahasha. Mimi nilifidia kilichokwisha kufidiwa, na mzigo wote ukaiangukia mota.

Jumapili gari lilikwenda kama limetukanwa. Kaka alipiga kelele za furaha mizunguko minne. Mzunguko wa tano ukatoka moshi, mota ikaungua, betri ikashika moto, na sote watatu tukasimama tukitazama malapa yakiyeyuka kwenye lami.

"Umeniwekea mota ya jalalani!" kaka alisema.

"Braza, mimi sikufunga hivi." Fundi alikuwa amechutama, akichungulia. "Gia hii si yangu."

"Kama si yako ni ya nani? Ya jini?"

Fundi akaniangalia. Kaka naye akaniangalia.

"Mimi sijagusa," nilisema. "Mimi na magari wapi na wapi?"

Ndipo kaka akasema maneno kuhusu watu wanaokuja mjini na mabegi ya kuazima halafu wanajiita mafundi. Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Haya, braza," akasema, akashika njia ya Kariakoo.

Hakuja tena. Kaka hakununua gari jingine, na hakupata rafiki mwingine. Jumapili alikaa roshani akitazama mtaa mtupu. Nilijiambia atazoea. Mwaka huu akaacha kushuka ngazi, hata msikitini akaacha kwenda. Daktari hakuona ugonjwa. "Anahitaji watu," aliniambia, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba ni nadharia ngeni inayohitaji utafiti.

Nikamwambia kaka ukweli Ijumaa moja, baada ya chakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenifanya nimtukane yule kijana bure," alisema. "Sasa unaniomba radhi mimi? Mpigie yeye."

Namba ya zamani haikupatikana. Nilikwenda Kariakoo, chini ya ngazi sasa yupo muuza kava za simu. Fundi viatu alinipa namba mpya, akasema mwenzake alirudi kwao kusini mwaka juzi. Nikapiga nikiwa nyumbani, simu juu ya meza, spika imewashwa, kaka amekaa mbele yangu.

Tulisalimiana. Nikasema, "Ile gia niliibadilisha mimi."

"Najua, dada. Tulikuwa watatu pale. Mimi sikuifunga, na braza hajui kushika bisibisi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema si yangu. Hakuna aliyeuliza mara ya pili."

Kaka akaiinamia simu. "Fundi."

"Shikamoo, braza."

"Marahaba. Fundi, rudi. Hata Jumapili moja tu."

"Meza nilishaigawa. Huku nafunga pampu za visima. Nimeoa."

"Basi nitakuja mimi huko."

Nilimtazama kaka, mtu asiyeshuka ngazi. Alikuwa anamaanisha, mkono wake ulishaanza kutafuta viatu chini ya kiti.

Kule kwa fundi jogoo aliwika.

"Mimi nilishakusamehe zamani, braza, na dada pia," alisema kwa upole. "Ila usije."

Akatuaga kwa adabu, mmoja mmoja, akakata.